Jioni ya Kigoma ukabarizi wapi: miembe ya Lumumba, mwalo, Jakobsen au Ujiji?

Mtu akihamishiwa Kigoma kikazi, wiki ya kwanza anaulizia nyumba, ya pili anaulizia samaki wetu, migebuka, wanakouzwa bei nzuri, na ya tatu inamtoka: jamani, hapa jioni watu wanakaa wapi? Aliyezoea Forodhani ya Unguja au Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam anategemea aonyeshwe bustani yenye njia za kutembelea na mabenchi. Sisi wa mwisho wa reli tunamwonyesha ziwa, halafu tunamwonyesha mwembe. Mapumziko yetu karibu yote yamo humo, na kila mahali pana wenyewe, pana saa zake na pana gharama yake, hata pale panapoitwa bure.

Nalinganisha sehemu nne: kivuli cha miembe ya Barabara ya Lumumba, mwalo wa Kibirizi, yaani pwani wanapofikia wavuvi na boti, pamoja na fukwe za wazi, ufukwe wa kulipia wa Jakobsen, na uwanja wa makumbusho ya Livingstone kule Ujiji. Hifadhi ya Gombe siiingizi, ingawa iko kilomita 16 tu kaskazini mwa mji. Kule ni boti, kiingilio cha hifadhi na mwongozaji wa kukupeleka kwa sokwe. Hakuna anayesema "ngoja nikapunge upepo Gombe nirudi kuinjika ugali."

Ninavyopima mimi: nauli ya kwenda na kurudi, kivuli, choo, na utamkuta nani amekaa ukifika. Mandhari sijayapa alama. Ziwa ni zuri kokote utakapolitazamia, kwa hiyo uzuri wake haukusaidii kuchagua.

Kwanza, habari ya jua

Mgeni wa kutoka pwani huwa hajui hili mpaka limuunguze. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi, lakini saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam. Jua letu huzama karibu dakika 40 baada ya la Dar. Saa kumi na mbili jioni, Dar wanaanza kuwasha taa, hapa mwanga bado tele na jua ndiyo kwanza linaelekea milima ya Kongo ng'ambo ya maji. Mfanyakazi wa serikali anayetoka saa tisa na nusu anabakiwa na zaidi ya saa tatu za mwanga. Mji wenye jioni ndefu namna hii una haki ya kudai pa kukaa.

Upande wa pili wa habari hiyohiyo ni joto. Jua la utosini hapa ni la saa saba, si la saa sita. Saa tisa bado kali, na saa kumi mtoto mdogo bado anahitaji kofia. Ndiyo maana kivuli nimekitanguliza mbele ya mambo mengi: kwenye mchanga mtupu, hiyo jioni ndefu inaanza kufaa kama saa kumi na moja hivi.

Miembe ya Lumumba

Wajerumani walifikisha Reli ya Kati hapa mwaka 1914, na kutoka stesheni ile barabara inapanda mlima kuelekea mtaa wa Mwanga, miembe mikubwa ikiipa kivuli pembeni. Hakuna kibao kinachosema hapa ni bustani. Hakuna kiingilio, hakuna geti, hakuna saa ya kufunga. Lakini ukihesabu vichwa siku ya Jumanne ya kawaida, hapa ndipo penye watu: mashina yana vijiwe, na kila kijiwe kina kabila lake. Wapo bodaboda wanaosubiri abiria, wapo wazee wa bao, wapo wanafunzi wanaopitisha muda kabla ya kupanda mlima. Muuza kahawa anakuja na birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo vinagongana ndani ya ndoo ya maji, kashata kwenye sinia. Unamwamkia mzee shikamoo, anajibu marahaba, anasogeza nyayo zake kidogo kwenye mzizi, nawe umepata kiti. Mzizi wenyewe umekaliwa mpaka umekuwa laini na unang'aa.

Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa hupima kama mtu anaweza kufika eneo la wazi la umma kwa kutembea mita 400. Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, limewahi kupendekeza mita 300, mwendo wa dakika tano hivi. Kwa kipimo hicho, kwa anayeishi au kufanya kazi mjini, miembe inashinda bila kupigiwa kura. Ndiyo sehemu pekee kati ya hizi nne ambayo mtu anaweza kupita akiwa njiani kwenda kwingine, akakaa robo saa, akaendelea. Na mtu wa mjini mapumziko yake mengi ni ya robo saa robo saa. Siku nzima ya kupumzika ni ya sikukuu.

Sasa angalia tena nani amekaa. Wanaume. Mama utamwona anauza karanga au mihogo ya kuchoma, yaani yuko kazini. Mwingine anapita na mzigo kichwani. Msichana akikaa peke yake pale dakika kumi, ataulizwa anamsubiri nani. Na hata asipoulizwa, choo kiko wapi? Mwanamume atajificha nyuma ya ukuta, aibu yake na ukuta wake. Mama mwenye mtoto wa miaka mitatu hana ukuta wa kumstiri, kwa hiyo hakai. Lengo la 11.7 la Maendeleo Endelevu linataka ifikapo 2030 maeneo ya wazi yawe salama na yafikike na wote, na linawataja wanawake, watoto, wazee na wenye ulemavu. Miembe yetu ina umbali unaotakiwa, ina kivuli, na wazee inao wa kutosha. Wanawake imewapoteza kwa kukosa benchi na choo. Ingekuwa hela ni yangu, ningeanzia hapo kabla ya kufikiria bustani mpya ya maua.

Tahadhari moja: msimu wa maembe, watoto wanatungua kwa mawe. Usikae kwenye usawa wa embe bivu.

Mwalo wa Kibirizi na fukwe za wazi

Wageni wengi wanakosea hapa. Wanaona maji, wanaona mchanga, wanasema "ufukwe." Kibirizi ni kazini. Boti zinapakia abiria, magunia na kreti za soda kwenda vijiji vya kaskazini. Dagaa wameanikwa. Mtoto wako akikimbilia ule mchanga kwa furaha, kuna mama atapaza sauti kutoka mbali, na ana haki: hiyo aliyoikanyaga ni ada ya shule ya mtu. Viatu viwe vya kufungwa, nguo iwe ya heshima, na kamera uliza kwanza.

Hata hivyo kuna kitu Kibirizi inacho ambacho kwingine hukipati kwa urahisi. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka samaki hawafuati taa vizuri, kwa hiyo siku za mwezi mpevu boti nyingi hupumzika. Ukija siku hizo jioni utawakuta wanashona nyavu, wana nafasi ya kuzungumza, na mzee mmoja atakueleza ziwa hili kuliko kitabu. Ukija siku za giza, utaziona boti zinaondoka saa kumi na mbili, na baadaye kidogo taa zimejipanga majini hadi mbali. Vyote ni bure. Mwaka 2024 nchi nne zinazolizunguka ziwa zilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi kama hiyo mwalo unapoa sana, nawe usiende kutafuta pilikapilika.

Kuoga je? Kibirizi hapana, kwa mafuta ya boti na uchafu wa sokoni. Fukwe nyingine za wazi, upande wa Bangwe na Katonga, vijana wanaoga kila siku, na mtu wa kukwambia wapi ni yule anayeishi palepale. Usipuuze anachokwambia, kwa sababu tatu. Mamba wapo ziwani, na wenyeji wanajua wameonekana wapi. Kichocho kipo, hasa penye maji yaliyotulia na majani. La tatu ni kina. Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, nyuma ya Baikal, mita 1,470 hivi pale penye kina kikubwa zaidi, na kando zake nyingi zinaporomoka ghafla. Unapiga hatua maji yakiwa kiunoni, inayofuata huna chini. Mtoto asiyejua kuogelea hapa ashikwe mkono, siyo kuangaliwa kwa macho.

Jambo la haki nalo liwemo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa maneno mengine, ule ukanda wa pwani ulitakiwa ubaki wazi. Maji yalipopanda katika miaka hii ya 2020 tuliona faida ya kifungu hicho kwa njia ya uchungu: fukwe zilipungua upana, na waliojenga jirani na maji wakawa wa kwanza kuhama. Kila ukuta unaoongezeka pale unapunguza mapumziko ya yule asiye na hela ya kiingilio. Anayejenga huwa ana mahali pengine pa kupumzikia.

Jakobsen

Hapa ndipo picha zote za mtandaoni zinapopigwa. Ni vijighuba viwili vyenye mchanga, miamba huku na huku, maji maangavu kiasi kwamba unaona samaki wadogo wa rangi wakipita miguuni. Pako kusini-magharibi mwa mji, mbele ya Katonga. Kuna kiingilio, kuna vibanda vya makuti, kuna choo.

Watu wanalalamikia kiingilio. "Kulipia ziwa la Mungu!" Hebu tupige hesabu pamoja. Familia ya watu watano haitoshi bodaboda moja. Ni mbili, au bajaji. Nauli ya kwenda ufukwe wa bure wa upande wa Katonga na nauli ya kwenda Jakobsen hazipishani sana, maana njia ni hiyohiyo. Ukishalipa nauli kwenda na kurudi, kilichobaki ni kiingilio, na kiingilio ndicho kinachonunua kivuli na choo. Kama unaenda na mke, watoto na shangazi, lipa. Kama uko peke yako, kijana, na taulo begani, ufukwe wa wazi unakutosha. Mimi sioni ubishi hapo.

Ubishi uko kwenye kurudi. Dereva aliyekushusha saa nne asubuhi hakai kukusubiri, na bodaboda hazipiti pale kama zinavyopita Mwanga. Chukua namba yake, panga naye saa, na nauli ya kurudi mkubaliane kabla hujashuka, siyo jua limeshazama na watoto wanalia njaa. Chakula beba cha nyumbani: wali kwenye hotipoti, migebuka ya kukaanga, maji ya kutosha. Ngedere wanakijua kifuniko cha hotipoti, usikigeuzie mgongo.

Msimu nao una lake. Kuanzia Juni hadi Septemba hakuna mvua, lakini upepo wa kusini-mashariki unavuma ziwani na mawimbi yanakuwa makubwa kuliko mgeni anavyotegemea kwa "ziwa." Kipindi hicho oga asubuhi. Baada ya mvua kuanza, ndani ya Oktoba au Novemba, hewa inakuwa safi na milima ya Kongo inaonekana wazi, ila njia inateleza na radi za hapa si za mchezo. Ukisikia ngurumo, toka majini.

Jakobsen ina dosari moja ambayo hela haiitatui: si mahali pa kila siku. Wanaoisifia zaidi ni wanaoishi mbali nayo na kwenda mara moja moja. Hilo si kosa lake. Ila anayeniambia Kigoma haihitaji bustani kwa kuwa ina Jakobsen, namuuliza kama bibi yake anaweza kufika huko kwa mguu.

Ujiji

Kwa familia, Ujiji ndiyo nafuu kuliko zote kwa nauli. Daladala za Kigoma na Ujiji zinapita Mwanga mfululizo, mnalipa kwa kichwa, na mtoto mdogo unampakata. Mnashuka, mnatembea kidogo, mmefika kwenye makumbusho ya Livingstone. Mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje.

Pale kuna mnara wenye tarehe 10 Novemba 1871, siku ambayo Stanley anasemwa kumkuta Livingstone chini ya mwembe. Mwembe ule ulishakufa. Iliyopo ni miembe iliyotokana nao. Ndani kuna sanamu za mabwana hao wawili, wakubwa kama watu, wakisalimiana, na watoto huwacheka kwanza kabla ya kuwaogopa. Mwongozaji anaeleza. Mimi huwa namwomba asiishie kwa Wazungu, kwa sababu Ujiji ilikuwa mji kabla yao. Njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka Bagamoyo, ikipita Kwihara ya Tabora, ilikomea hapa ziwani, na mwaka 2006 njia hiyo, Ujiji ikiwemo, iliingizwa kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya urithi wa dunia. Mtoto wa darasa la tano anaelewa vizuri sana ukimwambia kwamba babu wa mtu alitembea kutoka hapa hadi baharini akiwa na pembe begani, na hakurudi.

Kwa mapumziko hasa, uwanja ule una majani, una kivuli, una utulivu, na una watu wanaotunza. Mwanamke akikaa pale na kitabu hakuna anayemuuliza anamsubiri nani, na hilo kwangu ni alama kubwa kuliko mnara. Kinachokosekana ni uhuru. Huwezi kupiga mpira, huwezi kuwasha jiko, huwezi kukaa mpaka jua lizame. Mkimaliza, shukeni ufukweni Ujiji mkaangalie mafundi wa boti za mbao. Mbavu za boti zimesimama mchangani, fundi anachomeka pamba kwenye maungio kwa nyundo na patasi, pigo moja moja, bila haraka. Watoto wangu walitaka kubaki hapo kuliko kwenye makumbusho, na sikuona sababu ya kuwakatalia.

Ujiji ni mji wa dini na wa heshima zake. Kanga au mtandio beba. Alasiri na magharibi mitaa hupungua watu, wengi wamekwenda msikitini. Mwezi wa Ramadhani mchana usiende na mfuko wa chipsi mkononi. Nenda baada ya futari, mitaa inachangamka mpaka usiku.

Viwanja vya mpira, kama vile vya Mwanga Community Centre na Kawawa, ni vya vijana saa kumi na moja jioni, na siku nyingine ni vya mikutano ya siasa au mahubiri. Ukienda na mpira utapata timu. Ukienda na mkeka utapigwa na mpira.

Sasa uchague

Uko peke yako na una nusu saa: mwembe, kahawa, basi. Usitafute zaidi.

Una watoto wadogo na ni Jumamosi: Ujiji kama mfuko ni mwepesi, Jakobsen kama mwezi ndiyo umeanza na mshahara umeingia. Nikilazimishwa kuchagua moja kwa mwaka mzima, ningechagua Ujiji, kwa sababu nauli yake inaruhusu kurudi wiki ijayo, na watoto wanapenda mahali wanapopazoea kuliko mahali pazuri.

Unatumia kiti cha magurudumu au unaye mzee wa magoti mabovu: fukwe zote zina mchanga na miteremko, ziache. Ujiji ardhi yake ni tambarare zaidi. Kwa bajaji inawezekana kabisa, ila mwambie dereva awafikishe mlangoni.

Wewe ni msichana unayetaka kukaa kimya na mawazo yako: Ujiji tena asubuhi ya siku ya kazi, au Jakobsen mkiwa wawili watatu. Kibirizi nenda na mtu anayejulikana pale, utaheshimiwa kwa jina lake.

Ni sikukuu, Idi au Krismasi: kokote utakapokwenda pamejaa. Ondoka mapema, na bajaji uiweke oda jana yake.

Na kama ni mama mkwe amekuja kutoka Kasulu kwa siku mbili, mpeleke Ujiji asubuhi, mrudishe mjini ale samaki aina ya kuhe wa nazi, jioni mshushe Kibirizi aone boti zinaondoka akiwa amekaa kwenye kiti ulichomwombea kwa muuza duka. Jakobsen muulize kwanza. Wapo wakwe wasiopenda mchanga kwenye viatu, na hawatakwambia mpaka wafike kwao.